Nyenzo za Mtandaoni za Jiografia ya Maumbile: Zipi Zinaijua Tanga?

Wanafunzi sita wa kidato cha tano na cha sita huja barazani kwangu Ngamiani, hapa mjini Tanga, siku za likizo na jioni za Jumamosi, na kwa miezi minne sasa tumekuwa tukizipima pamoja nyenzo za bure za mtandaoni zinazofundisha habari za dunia: miamba, mabamba ya ganda la dunia yanayosogea, matetemeko, volkano, bahari na mmomonyoko. Katika shule zetu mambo hayo hayana somo lao peke yake. Yamo ndani ya Jiografia, katika sehemu tunayoiita jiografia ya maumbile, na mwanafunzi wa tahasusi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) hukutana nayo sawa na mwenzake wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) au PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati). Kwa hiyo mtoto anayetafuta sayansi ya dunia mtandaoni huangukia maarifa mengi mno yaliyotungwa kwa ajili ya mitaala ya Marekani, Kanada na Uingereza, na kazi ya kuyachuja inabaki kuwa yake mwenyewe, mara nyingi kwa simu ya mama yake na bando la siku moja.

Kipimo changu kilikuwa kimoja. Kila nyenzo niliipa jina la Tanga nikaona itasema nini, ama kwa kuliandika katika kisanduku cha kutafutia, ama kwa kuisogeza ramani mpaka huku kwetu, ama, ikiwa ni kitabu, kwa kuangalia kama maelezo yake yanamwezesha mtoto kueleza jambo analoliona akitoka nje. Sikufanya hivyo kwa sababu ya kupenda kwetu. Mwanafunzi anayeishi kilomita chache kutoka Mapango ya Amboni hujifunza kwamba maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni, yakawa asidi hafifu, yakayeyusha mawe ya chokaa kidogo kidogo mpaka pango likafunguka. Kisha katika mtihani huyaeleza hayo yote kwa mfano wa Yugoslavia ya zamani, kwa kuwa ndio mfano uliomo katika madaftari ya kurithishana, na Amboni asiitaje hata kwa neno moja.

Nyenzo iliyoshika nafasi ya kwanza kwa kipimo hicho ni tufe la dunia ya kale lililotengenezwa na Ian Webster kwa kutumia ramani za mwanajiolojia Christopher Scotese. Unaandika jina la mji, unachagua umri, na tufe linakuonyesha mji huo ulikuwa wapi katika enzi hiyo, kurudi nyuma hadi miaka milioni 750. Tulipoandika Tanga na kuchagua miaka milioni 240 iliyopita, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, sasa bahari iko wapi?" Bahari ya Hindi haikuwapo. Tanga ilikuwa ndani ya bara moja kubwa, na Madagaska imejibana kando ya Afrika Mashariki. Tukasogea mbele hadi kipindi cha Jura (kiasi cha miaka milioni 200 hadi 145 iliyopita), ambapo Madagaska na wenzake wanaanza kujitenga na maji ya bahari yanaingia, na hapo ndipo nilipoweza kuwaambia kuwa chokaa ya Amboni, na ya machimbo yanayolisha saruji huko Pongwe, ni mashapo ya bahari hiyo changa. Nimefundisha kuachana kwa mabara kwa miaka mingi kwa kukata karatasi za manila, na sijawahi kupata swali zuri kama lile la bahari iko wapi.

Hata hivyo tufe hilo lina dosari ambayo mwalimu lazima aitangulie. Linaonyesha picha bila kueleza ushahidi, na mtoto huweza kudhani kuwa mtu aliipiga picha dunia ya miaka milioni 500 iliyopita. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo ramani inavyozidi kuwa makadirio, kwa sababu sakafu ya bahari ya leo, ambayo ndiyo hutunza kumbukumbu za sumaku za mwendo wa mabamba, karibu yote haizidi umri wa miaka milioni 200. Nyenzo yenyewe haisemi hivyo kwa sauti ya kutosha. Mimi nilisema.

Kwa upande wa matetemeko, ramani ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, haina mshindani. Huonyesha matetemeko ya dunia nzima muda mfupi baada ya kutokea, na kwa kutumia sehemu yake ya kutafutia mwanafunzi anaweza kuchora mstatili kuzunguka Afrika Mashariki, akaweka miaka anayoitaka, akapakua orodha yenye tarehe, kina na ukubwa, kisha akaifungua katika programu ya majedwali. Tulifanya hivyo. Tukalipata tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba Bukoba, na lile la usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, la ukubwa wa takriban 6, lililotokea chini ya bahari nje ya pwani ya Dar es Salaam. Nukta zikiwekwa kwenye ramani, Bonde la Ufa linajichora lenyewe kwa matawi yake mawili, la magharibi likiwa na nukta nyingi zaidi, na mwanafunzi anaona kwa macho yake kile ambacho kitabu humwamuru akiamini.

Ramani hiyo pia ilitusaidia kurekebisha jambo ambalo madaftari yetu yamelikosea kwa muda mrefu. Takriban kila mwanafunzi niliyempokea anaandika kuwa matetemeko hupimwa kwa kipimo cha Richter, akaishia hapo. Charles Richter alikitangaza kipimo chake mwaka 1935 kwa ajili ya matetemeko ya California, na kwa matetemeko makubwa kimeachwa zamani. Siku hizi hutumika ukubwa wa momenti, ambao hukadiriwa kutokana na eneo la ufa lililoteleza, umbali wa kuteleza na ugumu wa mwamba. Katika vipimo vyote viwili, kupanda kwa namba moja kamili ni kuongezeka kwa nishati kwa takriban mara 32. Nikawapa kazi ya kulinganisha tetemeko la Kagera na lile la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, lenye ukubwa wa 9.1, ambalo mawimbi yake yalifika hadi pwani ya Tanzania na kuua watu. Jibu, zaidi ya mara 60,000, walilirudia mara tatu kwa kikokotoo kabla ya kuliamini.

Mtego wa ramani ya USGS ni kwamba nje ya Marekani huorodhesha zaidi matetemeko ya ukubwa wa 4.5 na kuendelea, na madogo mengi hayamo. Wanafunzi wawili walihitimisha haraka kuwa mkoa wetu haujawahi kutikisika, kwa sababu tu mstatili mdogo walioukaza kuzunguka Tanga haukuleta kitu. Kukosekana kwa nukta si ushahidi wa utulivu wa ardhi. Pengine ni ushahidi wa uchache wa vituo vya kupimia. Jambo hilo lilitufungulia somo zima la jinsi ya kusoma takwimu, ambalo katika mtihani wa Jiografia lina uzito wake.

Ipo nyenzo moja iliyoshindwa kabisa kipimo changu na bado naisifu. Shirika la Concord Consortium la Marekani lina kielelezo kiitwacho Tectonic Explorer, ambacho hufunguka ndani ya kivinjari bila kulipia. Mwanafunzi huchagua idadi ya mabamba, akachora mabara kwa kidole au kipanya, akaamua mabamba yapi yagongane na yapi yaachane, kisha akaiachia sayari yake iende. Tanga haimo, wala Afrika haimo, kwa kuwa sayari hiyo ni ya kubuni. Lakini kijana anayechora bara moja juu ya mabamba mawili na kuyavuta, akaona bara linapasuka na sakafu mpya ya bahari inazaliwa katikati, hahitaji tena nimweleze Bonde la Ufa linaelekea wapi. Ilinilazimu kukubali kuwa kipimo changu hakitoshi kwa kila kitu. Onyo ni kwamba kielelezo hiki kinahitaji kompyuta yenye nguvu. Kwenye simu zetu kilikwenda kwa kusuasua, na kwenye moja kiligoma.

Kuhusu volkano nitasema kwa ufupi, kwani chaguo liko wazi. Mpango wa Volkano wa Taasisi ya Smithsonian una ukurasa wa kila volkano iliyo hai, ukiwa na historia ya milipuko yake, na ukurasa wa Ol Doinyo Lengai peke yake unatosha kwa vipindi viwili. Mlima huo ndio pekee duniani unaojulikana kutoa lava ya natrokabonatiti, yaani yenye kaboneti nyingi za sodiamu, katika zama zetu, lava nyeusi inayotiririka kama maji kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ambalo ni kama nusu ya joto la lava ya kawaida ya basalti, kisha hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Ukurasa umeandikwa kwa ajili ya wataalamu na lugha yake ni kavu kama ripoti ya hesabu za ushirika, kwa hiyo mwanafunzi asiachwe nao peke yake.

Vitabu ndiyo sehemu niliyoitilia shaka zaidi, na ndiyo iliyonishangaza zaidi. Kitabu cha Physical Geology cha Steven Earle, kilichotolewa na BCcampus ya Kanada mwaka 2015 na kutolewa tena kwa toleo la pili mwaka 2019, hupatikana bure kwa kusoma mtandaoni au kupakua, na leseni yake inaruhusu kunakili. Ni kitabu cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, lakini kiingereza chake ni chepesi kuliko cha vitabu vingi tunavyovitumia sekondari, michoro yake ni safi, na mazoezi yaliyomo ndani ya sura yana majibu nyuma ya kitabu. Mifano yake mingi ni ya British Columbia, yaani barafu, barafu na barafu tena. Sura ya barafu tuliiruka karibu yote, maana Kilimanjaro peke yake haimlipi mwanafunzi kwa kurasa zile zote, ila sura za madini, miamba mashapo, miamba geu na maji ya chini ya ardhi ningeziweka mikononi mwa kila mwanafunzi wa kidato cha tano leo hii. Faili kamili ni zito. Ni afadhali kupakua mara moja mahali penye intaneti nzuri kuliko kufungua ukurasa mmoja mmoja kwa bando.

Shirika la CK-12 nalo lina kitabu cha sayansi ya dunia kilichoandikwa mahsusi kwa sekondari. Ni kizuri kwa mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kuingia cha tano, kwa kuwa sura zake ni fupi na kila moja ina maswali. Kwa kidato cha sita ni chepesi mno kwa maana mbaya ya neno hilo: kinataja jambo na kuondoka, wakati mtahini wa Tanzania anataka maelezo ya kurasa mbili yenye sababu, mchoro na mfano. Video za Khan Academy juu ya mawimbi ya tetemeko yaitwayo P na S na muundo wa ndani wa dunia zinaeleweka na zinarudiwa bila aibu. Vielelezo vya PhET vya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni vizuri mno katika fizikia, baadhi vimetafsiriwa kwa Kiswahili, na vinaweza kupakuliwa vikatumika bila intaneti. Kwa jiografia ya maumbile nilichokitumia ni kile cha gesi joto na kile cha mvutano na mizunguko, basi.

Hicho cha mwisho kilitupeleka kwenye maji kujaa na kupwa, na hapo ndipo nilipoona jinsi lugha inavyoweza kumpotosha mwanafunzi. Mafunzo ya mamlaka ya bahari ya Marekani, NOAA, yanaeleza vizuri sana jinsi jua na mwezi vinavyojipanga kwenye mstari mmoja wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu, na maji yakajaa sana na kupwa sana. Kwa Kiingereza hali hiyo imepewa neno "spring", ambalo pia ni jina la majira ya machipuo, na wanafunzi watatu kati ya sita waliamini kuwa ni jambo la mwezi Machi na Aprili tu. Wote sita wanalijua neno bamvua, ambalo ndilo jina la Kiswahili la hali hiyo hiyo. Wawili wanatoka Sahare, na wazee wao hupanga kwenda mwambani kwa kuhesabu bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, bila kufungua kitabu. Nilipoandika ubaoni maneno hayo mawili kando ya yale ya Kiingereza, somo lililokuwa limekwama lilikwisha kwa dakika kumi. Nyenzo ya NOAA haina kosa lolote katika hilo, lakini jedwali zake za maji ni za pwani za Marekani, na mtu wa Tanga asitegemee kupata saa za maji ya Raskazone humo.

Sasa nije kwa nyenzo za hapa nyumbani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bure, na hiyo ndiyo nanga, kwa kuwa mtihani hutungwa kwa muhtasari wetu, haufuati wa Kanada. Baraza la Mitihani nalo huweka hadharani taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono wa watahiniwa wenyewe. Katika miezi yote minne sikukutana na mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa akijua kuwa taarifa hizo zipo. Ningeambiwa nichague nyenzo moja tu kwa mtoto aliyebakiza miezi miwili kufanya mtihani, ningechagua hizo kabla ya tufe, ramani na vielelezo vyote nilivyovisifu hapo juu.

Tatizo ni tovuti za madokezo, ambazo ndizo wanafunzi huzifungua kwanza kwa kuwa ni nyepesi na huja juu kabisa katika utafutaji. Moja ya hizo, nisiyoitaja, inafundisha kuwa Ziwa Viktoria lilitokana na kuporomoka kwa ardhi kati ya nyufa, kama Ziwa Tanganyika. Si kweli. Viktoria liko katika beseni lililobonyea kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, na kina chake kinasema wazi: takriban mita 80, wakati Tanganyika lina mita 1,470. Kosa hilo nililikuta limenakiliwa neno kwa neno katika madaftari manne kati ya sita, likiwa limepigiwa mstari kwa wino mwekundu kama jambo la kukumbukwa.

Google Earth nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo tuliyoitumia kila wiki. Haifundishi kitu kwa maneno, ila mwalimu akijua pa kupeleka macho ya wanafunzi, hufundisha mengi. Tuliona machimbo ya chokaa yakiwa makovu meupe katikati ya kijani, tukaifuata Zigi kutoka Usambara mpaka baharini, tukafika kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, ambacho wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kasa wakitaga, na ambacho mmomonyoko ulikimaliza tangu miaka ya 1970 hadi kikabaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Tuliizunguka pia hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye visukuku vyake hukoma kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita na aliyedhaniwa ametoweka hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tovuti za kigeni tulizozipitia juu ya samaki huyu ziliishia Afrika Kusini na Komoro. Wavuvi wa hapa wamekuwa wakimtoa nyavuni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Amboni yenyewe Google Earth haiwezi kuingia, kwa kuwa pango ni pango. Kijana mmoja alitaka kujua kama njia ya ndani hufika Mombasa kama asemavyo bibi yake. Nilimwambia kuwa upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote lina mita zipatazo 900, na kwamba asimwambie bibi hayo kwa ukali.

Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu simu, vyote vinavyopakulika nimeviweka katika flashi mbili, na kurasa za Earle juu ya miamba mashapo tumezipiga chapa stationeri kwa wino mweusi, maana wa rangi hatukuumudu. Picha zilitoka vibaya: chokaa, mchanga na granaiti vyote vilikuwa kijivu kimoja. Mpwa wangu akaenda Kiomoni Jumapili akarudi na kipande cha jiwe kwenye mfuko wa rambo, tukakikwangua kwa msumari, tukaudondoshea siki ule unga wake, na wote sita wakainama kusikiliza povu.